Sauti ya Mzee wa Tunis

Matilda alimkuta mumewe Jumanne jioni, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, alipotoka kazini. Gadiel alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba chake cha kusomea, nyuma ya nyumba yao huko Glenwood, mtaa wa Durban, Afrika Kusini. Mwanzoni Matilda alidhani ni shinikizo la damu limempata tena. Alipoinama kumgeuza aliona damu iliyoganda nyuma ya sikio. Karibu na kiti kulikuwa na chuma kizito cha kushikilia vitabu, ambacho Gadiel alikuwa nacho tangu anasoma Dar es Salaam.

Dakta Gadiel alikuwa Mpare wa Same, mwalimu wa historia aliyefundisha chuo kikuu Durban kwa miaka mingi. Maisha yake yote alishughulika na jambo moja: wanafunzi wa Algeria waliovuka mpaka kwenda kusoma Tunis, katika msikiti wa Zaytuna, wakati nchi zote mbili zikiwa mikononi mwa Wafaransa. Walivuka kwa vibali vya maofisa wa kikoloni, wengine bila kibali, wakarudi kwao wakiwa na elimu ambayo serikali haikutaka irudi. Gadiel alikuwa Msabato, na Kiarabu alijifunza ukubwani. Ndugu zake walishangaa ilimpata wapi hamu hiyo. Yeye hakuwahi kuwapa jibu la kuwaridhisha.

Polisi walifika kabla ya saa moja. Mlango haukuvunjwa. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai isiyonywewa na ufunguo wa geti. Matilda aliwaeleza kwamba siku hiyo umeme ulikatwa mtaa mzima, tangu saa nane mchana hadi saa kumi na nusu, na umeme ukikatika geti lao hufunguliwa kwa ufunguo. Afisa aliandika, akaenda kuangalia uzio.

Majirani na wazungumzaji wenzao wa Kiswahili wa kanisani walianza kukusanyika. Mmoja wa waliofika mapema alikuwa Josiah, Mkenya, mwanafunzi ambaye Gadiel alikuwa akimsimamia shahada ya uzamivu. Alilia sana. Ndiye aliyemuuliza Matilda, kwa upole, kompyuta ya mwalimu ilikuwa wapi. Matilda alitazama mezani na kuona haipo, akamwambia afisa. Kuanzia hapo kesi ikawa ya wizi.

Kesho yake asubuhi, simu ya marehemu ikiwa mikononi mwa polisi, ililia. Aliyepiga alijitambulisha kama fundi, akasema kazi ya kompyuta iko tayari. Nusu saa baadaye alikuwa na pingu. Jina lake Prodige, Mkongo wa Uvira, mwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini.

*

Wangari alipewa faili hilo Jumatatu iliyofuata. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ndogo ya mawakili wanaotetea wakimbizi. Kabla ya hapo alikuwa inspekta wa polisi Nakuru kwa miaka kumi na miwili. Alisoma maelezo ya polisi mara mbili, kisha akaenda rumande.

Prodige alikuwa amevimba jicho. Alieleza kwamba Jumanne, kama saa sita mchana, mwalimu mwenyewe alikuja kibandani na kompyuta yake mkononi. Hakumwandikia risiti, kwa sababu walishafahamiana. Alikuwa amemtengenezea simu mara mbili. Polisi walimwambia anadanganya, kwamba aliingia nyumbani kwa mtu, akaua, akaiba.

"Mama, mimi niko mwizi gani, mwenye kupiga simu kwa mwenye kitu?" aliuliza.

Wangari naye alijiuliza hivyo hivyo. Alimwuliza kompyuta ilikuwa na tatizo gani.

"Haikuwa na tatizo. Alikuwa na sauti fulani ndani, ya mzee anaongea Kiarabu. Alisema niitengeneze. Nikafikiri anataka nitoe makelele, sauti ya mzee ibaki safi. Akasema hapana. Utoe mzee, unibakishie makelele ya nyuma." Prodige alitikisa kichwa. "Nilimwona kama kichwa haiko sawa. Lakini nikafanya."

Wangari aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Mwongo angesema kioo kilivunjika, au chaji haiingii. Alimwuliza sauti hiyo iko wapi sasa. Prodige alisema polisi walichukua kompyuta ya mwalimu, lakini kazi yenyewe aliifanyia kwenye kompyuta yake kibandani, na hiyo hakuna aliyeigusa.

Kabla ya kuondoka, Prodige alimwomba amwambie mke wake, Marie-Claire, asilete watoto rumande. Akaongeza kwamba karatasi yake ya rufaa ya ukimbizi ilikuwa inaisha mwezi huo huo, na kutoka ndani hawezi kwenda kuiongezea muda. Wangari aliahidi kuwaeleza mawakili. Waliandika barua siku hiyo hiyo, na haikujibiwa.

*

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Dakta Respicius, Mhaya, aliyefundisha idara moja na marehemu. Kila aliyeulizwa chuoni alimtaja. Wiki mbili kabla ya kifo, katika kikao cha idara, Respicius alimwambia Gadiel mbele ya wanafunzi kwamba kitabu anachokiandika kimejengwa juu ya mchanga. Gadiel alitoka kikaoni bila kuaga.

Wangari alimkuta nyumbani kwake Morningside. Hakukana ugomvi. Jumanne mchana, alisema, alikuwa Queensburgh kwenye mashindano ya kuogelea ya binti yake, tangu saa saba hadi jua linatua. Wangari alikuja kulihakikisha hilo baadaye kwa walimu wawili na picha tele za wazazi. Kwa sasa alitaka kujua mchanga wenyewe.

Respicius alieleza taratibu. Miaka miwili iliyopita Josiah alikwenda Tunis kwa utafiti. Alirudi na saa nyingi za sauti ya mzee aitwaye Lakhdar, aliyesema kwamba alivuka kutoka Constantine, mji wa Algeria, akiwa kijana, pamoja na mwalimu wake, kupitia mahali ambapo Wafaransa walikuwa wakiwapekua wanafunzi na kuchukua vitabu vyao. Kwa hiyo mwalimu aliwahifadhisha vitabu kichwani, kila mwanafunzi sura zake, na walipofika upande wa pili wakaviandika upya. Hakuna mwanahistoria aliyewahi kupata shahidi wa aina hiyo. Muda mfupi baada ya mahojiano, Josiah akasema, mzee akafariki.

"Gadiel alilia alipoisikia mara ya kwanza," Respicius alisema. "Alikibomoa kitabu chake chote akakijenga upya juu ya yule mzee. Mimi nilimwambia shahidi huyu ni mzuri mno. Kila swali tulilokuwa nalo, yeye ana jibu lake. Wazee wa kweli husahau, huchanganya, hukuuliza kama umekula. Huyu hakosei hata jina la kituo cha treni."

Wangari aliuliza kwa nini Gadiel hakusikia.

"Kwa sababu alimpenda Josiah. Na kwa sababu wale wanazuoni wake walikuwa na utaratibu: hupokei neno mpaka umjue aliyekuletea, na aliyemletea yeye, mpaka mwanzo. Ndiyo ijaza, idhini inayopokezwa kutoka mwalimu hadi mwalimu. Mmoja tu akiwa mwongo, mnyororo wote umekatika. Gadiel alifundisha hilo kila mwaka. Alimpima kila mtu kwenye mnyororo isipokuwa aliyekaa mbele yake."

Baada ya kikao kile, Respicius alisema, Gadiel alimpigia simu mara moja tu, kumwambia anasikiliza upya sauti zote kwa spika za masikioni, neno kwa neno, ili aje amwaibishe yeye Respicius.

*

Josiah alipangisha chumba Glenwood, si mbali na kwa marehemu. Alimpokea Wangari kwa heshima, akamwandalia chai, akamwita madam. Alizungumza juu ya mwalimu wake kwa sauti ya chini. Wangari alimwuliza Jumanne mchana alikuwa wapi. Alijibu mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba alipita kwa mwalimu mnamo saa tisa na nusu kumpelekea sura aliyosahihisha. Jirani wa ng'ambo alikuwa barazani, walipungiana mkono.

"Nilibonyeza kengele ya geti. Ikalia, ikalia, hakuna aliyejibu. Nikafikiri amelala, nikarudi. Siku zote najiuliza, labda muda ule alikuwa bado anapumua."

Wangari alimpa pole. Alikunywa chai yake yote kabla ya kuondoka.

Alipita saluni ya Marie-Claire kuchukua ufunguo, wakaenda pamoja kibandani. Marie-Claire aliwasha kompyuta ya mumewe, akalitafuta faili la mwisho lililofunguliwa. Lilipewa jina la Tunis. Wangari alivaa spika za masikioni. Sauti ya mzee ilikuwa imefinywa hadi ikawa mnong'ono. Nyuma yake palikuwa na upepo, gari lililopita, kijiko kwenye kikombe. Kisha kikasikika kilio kikali cha kukwaruza, mara tatu, kikienda mbali na kufifia.

Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Hakuhitaji mtu wa kumwambia. Asubuhi hiyo hiyo kilio hicho kilikuwa kimemwamsha nyumbani kwake. Alikuwa kwarara, yule ambaye Durban wanamwita hadeda, anayechokoa minyoo kwenye nyasi za kila bustani na kuruka akipiga kelele. Nakuru walikuwepo pia. Wangari alimpigia mtaalamu wa ndege wa makumbusho kwa uhakika tu, akajibiwa kwamba ndege huyo haishi kaskazini ya Sahara. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipita juu ya paa la Tunis.

*

Jumamosi saa nne asubuhi walikaa watatu katika chumba cha kusomea: Matilda, Josiah na Wangari. Josiah aliambiwa kwamba Mama anataka msaada wa kupanga karatasi za mwalimu, na kweli Matilda alikuwa na maboksi. Afisa wa upelelezi alisimama uani, karibu na mlango. Wangari alikuwa amemweleza yote. Alikubali kuja, ingawa alisema mapema kwamba ndege hawezi kupelekwa mahakamani.

Wangari aliweka simu yake mezani akacheza ile sauti. Kilio kilisikika mara tatu. Matilda alitazama dirishani, kisha akatambua kwamba kimetoka kwenye simu.

"Hii ni sauti uliyoleta kutoka Tunis," Wangari alimwambia Josiah. "Dakta alisikia kitu nyuma yake. Akaipeleka kwa fundi ili awe na uhakika kabla ya kukuambia. Kwa hiyo kompyuta haikuibwa. Ilikuwa mjini wakati wewe unaitafuta humu ndani."

Josiah alisema sauti huchanganyika, kwamba huenda fundi aliingiza ya kwake. Alisema pia kwamba hata kama mahojiano yana kasoro, yeye hakuingia nyumba hii siku ile. Alibonyeza kengele akaondoka. Jirani ni shahidi.

Wangari alitaka kujibu, lakini Matilda alitangulia.

"Josiah. Kengele ililia?"

"Ililia, Mama. Muda mrefu."

"Saa tisa na nusu?"

"Ndiyo, Mama."

"Umeme haukuwepo," Matilda alisema. "Ile kengele ni ya umeme. Mwalimu wako alikuwa akikurushia ufunguo juu ya geti kila ukikatika. Umesahau?"

Josiah alitazama mikono yake. Alipoanza kusema hakumtazama Wangari kabisa. Alikuwa akiongea na Matilda.

Alisema hakuwahi kufika Tunis. Viza ya Algeria ilikataliwa, ya Tunisia haikujibiwa, na ufadhili wake ulikuwa na mwisho. Bila utafiti angerudishwa Kenya mikono mitupu. Miezi ile alijificha chumba cha kupanga Queensburgh, hapa hapa Durban. Huko alimpata Mualgeria mmoja mzee, mtu mpweke, akamwambia wanarekodi mchezo wa redio. Maneno yote aliyaandika yeye, usiku kucha, kutokana na vitabu alivyosoma. Mzee aliyasoma barazani, na bustani ilikuwa mbele yao. Alikuja kufa kweli, mwaka uliofuata.

"Nilidhani itakuwa sura moja ndogo," alisema. "Sikujua kwamba Mwalimu angekipangua kitabu chake. Kila nilipotaka kumwambia, alikuwa ameshaandika kurasa nyingine."

"Siku ile alikuambia nini?" Matilda aliuliza.

"Nilipomletea sura yangu aliniambia hawezi kungoja tena, amemsikia ndege nyuma ya mzee. Hakukasirika, Mama. Angenitukana ningeondoka. Alinichemshia chai kwenye jiko la gesi. Akaniuliza yule mzee alikuwa nani hasa, na kama alikuwa na watoto. Kisha akasema, sisi wawili tumeisha, Josiah. Kesho tutawaandikia wachapishaji na chuo, tuandike pamoja, ili usiwe peke yako. Akageuka kutafuta kalamu. Niliona maisha yangu yote yakitoka kwenye ile kalamu. Nikashika kilichokuwa karibu."

Matilda hakulia wala hakumgusa. Alimwuliza kama Gadiel alisema neno baada ya hapo. Josiah alisema hapana. Wangari alimwita afisa. Kituoni, mbele ya wakili, Josiah alirudia maelezo yake yote kwa Kiingereza, akatia sahihi.

*

Siku ya Jumatatu Matilda alimwita Respicius nyumbani, akampa mswada wa kitabu cha mumewe. Alitaka kujua kama zile sehemu za mzee wa Tunis zinaweza kutolewa, kilichobaki kikachapishwa kwa jina la Gadiel. Respicius alisoma mchana kutwa, bila kula. Mwishowe alimwambia kwamba sura mbili za mwanzo zinasimama. Zilizobaki zote, hata zile zinazohusu watu wa kweli, Gadiel alizipanga upya zimfuate yule mzee. Ukimtoa, hakuna sentensi inayojua inakwenda wapi.

Matilda alimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo. Respicius alikubali. Alikaa kidogo zaidi, akaaga. Njiani alimpigia Wangari simu kumwuliza kama angesema kwa ukali zaidi, au kwa ukali mdogo zaidi, mambo yangekwenda vingine. Wangari alimwambia hajui.

Jumanne mashtaka dhidi ya Prodige yalifutwa. Wangari alifika rumande na mmoja wa mawakili, wakiwa na shati safi kutoka kwa Marie-Claire. Prodige hakutokea. Baada ya kusubiri sana waliambiwa kwamba amekabidhiwa kwa maofisa wa uhamiaji. Karatasi yake ya rufaa iliisha akiwa ndani, na sheria inamhesabu kama mtu aliyeiacha rufaa yake kwa kutojiwasilisha. Wakili aliwaonyesha barua waliyoiandika mapema kuomba iongezewe muda. Ofisa aliisoma, akakiri kwamba waliipokea, akasema haikuwa yake kuijibu.

Walifungua ombi la dharura mahakamani. Likapangiwa Alhamisi. Ndege iliyombeba Prodige iliondoka Jumatano asubuhi kwenda Kinshasa, mji ambao hakuwahi kuukanyaga, upande wa pili wa nchi kutoka Uvira. Uvira kwenyewe watu walikuwa wakikimbia.

Wangari alikwenda saluni mwenyewe. Hakutaka habari hiyo ifike kwa simu. Ilikuwa mchana, Marie-Claire alikuwa akisuka kichwa cha mteja. Alisikiliza bila kusimamisha vidole. Wangari alieleza kuhusu ombi, kuhusu Alhamisi, kuhusu mawakili kutaka kuendelea hata sasa ili arudishwe. Alisema pia, kwa sababu alidhani inapaswa kusemwa, kwamba jina la Prodige limesafishwa kabisa.

Marie-Claire aliuliza kama Prodige alipewa nafasi ya kuchukua nguo. Wangari alisema hapana.

"Na ule mwenye kuua, ye iko wapi?"

"Rumande."

"Ya hapa? Ya Durban?"

"Ndiyo, hapa hapa."

Marie-Claire alifunga msuko mmoja, akagawa nywele kwa kitana, akaanza mwingine.

"Mama yake anaweza kuja kumwona?"

"Anaweza," Wangari alisema. "Amekuja kutoka Kenya jana."

"Basi ni vizuri," Marie-Claire alisema. "Mwambie amupelekee chakula. Ile ya mule ndani haiko muzuri, Prodige alisema."